Kigamboni kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari kwa Mwezi, Maji na Pantoni

Mtu anayesimama Magogoni, jijini Dar es Salaam, ubavuni mwa soko la samaki la Feri, anaiona Kigamboni waziwazi ng'ambo ya mlango wa bandari, na kati yake na maghorofa ya Posta hakuna zaidi ya mkono mwembamba wa bahari. Hata hivyo akishavuka na kusogea kilomita kadhaa kuelekea kusini, atakuta minazi, mivinje, mashamba ya mikorosho na fukwe ambazo katikati ya wiki hazina watu zaidi ya wavuvi na watoto wachache. Wageni wengi wanaorudi mjini wakinung'unika huwa na malalamiko mawili tu: kwamba foleni ya pantoni, yaani kivuko cha watu na magari, iliwamaliza, na kwamba walipofika baharini waliyakuta maji yamekwenda mbali na kuacha tope na mawe. Yote mawili yana chanzo kimoja. Safari ilipangwa kwa kuangalia siku ya mapumziko, bila kuangalia mwezi wala mkondo wa watu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kwenda asubuhi na kurudi jioni, akiwa na gari au bila gari.

Kuifahamu wilaya kwanza

Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke hadi katikati ya muongo wa 2010, ilipomegwa na kuwa wilaya inayojitegemea, sambamba na Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni. Ina kata tisa: Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Kibada, Mjimwema, Somangila, Kisarawe II, Kimbiji na Pembamnazi. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa zaidi ya milioni 5, lakini Kigamboni ilipata zaidi kidogo ya laki tatu tu, na wengi wao wanaishi kaskazini, karibu na kivuko na daraja. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi: kadiri unavyokwenda kusini ndivyo utulivu unavyoongezeka na ndivyo usafiri, maduka na huduma zinavyopungua. Anayeishia kwenye stendi ya pantoni, akala chipsi na kurudi, hajafika Kigamboni ninayoizungumzia hapa, ingawa kiutawala amefika.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba ufuko wake unatazama mashariki, kwenye bahari kuu. Jua huchomoza kutoka majini na kuzama nyuma ya minazi, hivyo asubuhi mchanga wote huwa juani, ilhali alasiri vivuli vya miti huanza kuufunika. Wenye watoto wadogo wazingatie hilo wanapochagua saa za kukaa mchangani.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa mwezi mwandamo

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Katika pwani ya Dar es Salaam bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo viwili huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu.

Uzuri ni kwamba saa za bamvua katika pwani yetu hazibadilikibadiliki sana. Siku za mwanzo wa mwezi mwandamo, na vilevile karibu na mwezi 15, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani tayari ana ratiba ya bahari ukutani. Akiona leo ni mwezi 2 au mwezi 16, anajua kwamba asubuhi atatembea juu ya mwamba na jioni ataogelea. Kwa maoni yangu hizo ndizo siku bora kuliko zote, kwa sababu mgeni anaiona bahari katika sura zake mbili kwa siku moja.

Asiyependa kutembea miambani, anayetaka tu kuogelea mchana na watoto, achague mwezi 9 hadi 11, au 24 hadi 26. Siku hizo maji hujaa kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana, na kwa kuwa ni maji mafu au yametoka kwenye maji mafu karibuni, mikondo yake si mikali. Siku za kuepukwa na waogeleaji ni zile zinazofuata bamvua kwa siku mbili au tatu, ambapo maji hupwa karibu na adhuhuri na kukufanya usubiri hadi jioni kabisa. Hesabu hizi ni za kukadiria. Anayehitaji dakika kamili atazame jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ambalo hupatikana kwa urahisi mtandaoni.

Baada ya mwezi, tazama siku ya wiki. Jumanne hadi Alhamisi hazina mshindani. Jumapili fukwe za Mjimwema hujaa muziki na watu, na sikukuu za Idi, Krismasi na Pasaka ni bora kuziacha kabisa, kwa kuwa jiji zima huvuka. Siku za Ramadhani zina utulivu wa kipekee, ila wauza vyakula wa mchana huwa wachache na adabu inamtaka mgeni asile hadharani vijijini.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara za vumbi na kuyachafua maji karibu na vijito. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi, upepo wa kusini, huvuma, hali ya hewa huwa ya kupendeza, lakini bahari huwa na mawimbi na mwani mwingi hutupwa ufukweni. Kaskazi, upepo wa kaskazini wa Desemba hadi Februari, huleta joto kali pamoja na maji yaliyo maangavu zaidi. Mimi hupendelea Septemba na Oktoba, kusi inapolegea na vuli haijashika.

Hatua ya pili: amua utaingilia wapi

Njia ni tatu. Ya kwanza na ya kale ni pantoni, kutoka Magogoni. Kwa asiye na gari ndiyo njia nyepesi kuliko zote, kwa sababu mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara na Morocco huishia kituo cha Kivukoni, na kutoka hapo hadi lango la kivuko ni hatua chache kwa miguu. Kivuko huendeshwa na TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme. Nauli ya mtu anayetembea kwa miguu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, na malipo yamehamishiwa kwenye N-Card, hivyo jipatie kadi na uiwekee salio kabla ya kufika mlangoni badala ya kuanza kuhangaika huku umati ukikusukuma mgongoni. Siku hizi zipo pia boti za kampuni binafsi zinazovusha abiria peke yao.

Asiyewahi kupanda pantoni anahitaji kuelezwa namna inavyokwenda. Abiria husubiri katika ukumbi wenye paa, nyuma ya geti. Chombo kinapogusa, ulimi wa chuma hushuka kwa kishindo juu ya zege, magari na bodaboda hutoka, halafu wa miguu, na ndipo geti la upande wenu hufunguliwa na watu kuanza kutiririka kwa mwendo wa haraka, mama na beseni lake la samaki, mwanafunzi na begi, fundi na ngazi begani. Usikimbie na usisimame katikati. Kaa upande mmoja, mshike mtoto mkono, weka simu mfuko wa mbele, na ukishaingia panda ngazi kwenda juu, ambako kuna upepo na mandhari. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, ila kumbuka kuwa njia ya pantoni inakatiza mlango wa bandari, na meli kubwa inapoingia au kutoka, pantoni ndiyo inayosubiri. Anayekuja na gari ajue pia kwamba ndani ya chombo ni salama zaidi kwa abiria kushuka na kumwachia dereva gari.

Kuna faida moja ambayo wageni wengi hawaifikirii. Siku za kazi, asubuhi umati unatoka Kigamboni kuja mjini, na jioni unarudi. Wewe unayekwenda kutembea unakwenda kinyume chao, kwa hiyo ukivuka saa mbili asubuhi unapata nafasi tele. Jumapili hesabu inapinduka, maana jioni watembezi wote hurudi mjini kwa pamoja.

Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, linalounganisha Kurasini na Kigamboni. Lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, na lilijengwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na Serikali. Magari hulipa tozo kwenye vibanda vyake. Kwa anayetoka Barabara ya Mandela au ya Kilwa hii ndiyo njia inayoeleweka, na akipita juu yake atazame chini aone mikoko iliyoshika kingo za mkono wa bahari. Njia ya tatu ni ya Kongowe, inayowafaa wanaotoka Mbagala na Mkuranga, kwa barabara inayokuja Mjimwema hadi kivukoni. Ni ndefu kwa wa mjini, lakini haina pantoni wala tozo.

Ushauri wangu kwa asiye na gari: nenda kwa pantoni, rudi kwa pantoni. Kwa mwenye gari: pita darajani kwenda na kurudi, na kama hujawahi kupanda pantoni, iache gari mjini siku hiyo.

Hatua ya tatu: amua utafika umbali gani

Ukishuka upande wa Kigamboni utakutana na stendi ya daladala, bajaji na bodaboda. Daladala zimeandikwa mwisho wa safari, na ukimwambia kondakta jina la ufuko atakushusha kwenye njia panda, kisha utamalizia kwa miguu au kwa bodaboda. Bajaji ya kukodi ni nafuu kwa watu watatu. Patana bei kabla ya kupanda, mwambie kama unataka akufuate jioni, na uchukue namba yake ya simu, kwa kuwa huko mbele baada ya magharibi usafiri haupatikani kwa kupunga mkono tu.

Ufuko wa karibu zaidi ni ule wa Mikadi, ambao unatosha kwa mwenye nusu siku. Mjimwema uko mbele kidogo, una hoteli na sehemu nyingi za kupumzikia zikiwamo za eneo la Kipepeo, mchanga mpana na minazi. Nyingi hutoza kiingilio na nyingine hukirudisha kwa njia ya chakula au kinywaji, na karibu zote hukataza kuingia na chakula cha nje. Uliza mambo hayo mawili getini kabla ya kutoa pesa. Ukishauliza hutakuwa na sababu ya ugomvi.

Gezaulole, katika kata ya Somangila, ndiko ambako ningempeleka rafiki. Ni kijiji ambacho zamani za Azimio la Arusha kilikuwa miongoni mwa vijiji vya ujamaa, na hadi leo kina sura ya mahali ambapo watu wanaishi, wanalima na kuvua. Karibu yake ndiko kulikokuwa Mbwamaji, mji wa pwani uliokuwa ukifanya biashara kabla Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Yamebaki makaburi ya kale, na ni vyema kuyaendea pamoja na mwenyeji, baada ya kuomba ruhusa kwa wazee au ofisi ya serikali ya mtaa. Usiyakanyage, usiyaegemee.

Kutoka pwani ya Mjimwema na Gezaulole huonekana visiwa vya Sinda, ambavyo tangu 2007 ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam. Kuvifikia kunahitaji boti, jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, na ada ya hifadhi. Boti isiyo na jaketi usiipande, hata kama bahari imetulia kama kioo na nahodha anakuapia kwamba yeye ni mzaliwa wa hapo.

Kimbiji, Ras Kutani na Pembamnazi ni za mwenye gari au mwenye nia ya kulala. Ni huko kusini ambako kasa wa kijani hupanda mchangani usiku kutaga mayai. Anayebahatika kuwaona asiwashe tochi wala kuwasogelea, kwa sababu kasa aliyeshtuka hurudi baharini bila kutaga.

Hatua ya nne: mwambani na majini

Maji yanapopwa sana wakati wa bamvua, mwamba hujitokeza, na juu yake hubaki vidimbwi vyenye samaki wadogo, kaa, majongoo bahari na nyota za bahari. Vaa viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino, kwa kuwa mwamba unakata kama wembe na kwenye mianya yake wamo wale viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyama. Anza kutembea kama saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, na ukiona yameanza kugeuka, geuka nawe. Maji hayarudi kwa mstari mmoja. Hutangulia kupita kwenye mifereji iliyo nyuma yako, ukashtuka njia uliyojia imekuwa kina cha kiuno.

Asubuhi kama hiyo utawakuta kina mama na vijana wakitafuta pweza kwa mchokoo, mti mwembamba wenye ncha. Sogea, amkia, omba ruhusa ya kutazama. Ukitulia wataonyesha namna ya kulitambua shimo lake: mlangoni kuna maganda ya kome na magamba ya kaa yaliyorundikwa, mabaki ya karamu ya jana, na mara nyingi vijiwe vimesogezwa kuziba nusu ya tundu. Mchokoo huingizwa taratibu, na mkono mmoja hubaki tayari nje. Ukitaka kununua pweza, nunua hapohapo. Hutampata aliye mbichi kuliko huyo.

Kuogelea kufanyike maji yanapojaa, mbele ya watu, na mbali na mlango wa bandari, ambako mkondo wa bamvua ni mkali na vyombo vikubwa hupita. Ukipigwa na konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, toka majini, suuza kwa maji ya bahari na si maji yasiyo na chumvi, wala usisugue. Fukwe nyingi hazina waokoaji, kwa hiyo kila kundi lichague mtu mzima mmoja asiyeogelea, anayehesabu vichwa.

Chakula, mizigo na adabu

Samaki wa ufukweni hupikwa baada ya kuagizwa na huchukua muda, kwa hiyo agiza kabla ya kuingia majini. Chagua samaki mwenyewe, tazama jicho na shavu, kisha patana bei ikiwa pamoja na chipsi, ugali au wali. Nje ya hoteli kuna madafu, mihogo ya kukaanga na kachumbari kwa bei ya kawaida. Beba pesa taslimu za noti ndogo, maji ya kunywa, kofia, kanga ya ziada na dawa ya mbu kwa ajili ya magharibi. Mizigo iwe kwenye kikapu, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Ukipita kijijini jifunge kanga au vaa shati, na wakubwa waamkie kabla ya kuwauliza njia. Usiwapige picha wavuvi na nyumba zao bila kuwaomba. Kwenye pantoni, bandarini na karibu na maeneo ya jeshi la majini, ambalo lina kambi yake Kigamboni, usitoe kamera kabisa. Na ukizuiwa kupita ufukweni na mlinzi wa kiwanja cha mtu, usibishane naye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa bahari ambazo hazipaswi kuwa na shughuli za kudumu wala zinazoweza kuharibu mazingira, lakini mlinzi aliyeshika rungu si mahakama. Zunguka kwa njia ya juu.

Kurudi

Mwenye kufuata ratiba ya bamvua atataka kuogelea hadi saa kumi na moja jioni, na hilo linawezekana siku za kazi, kwa sababu umati wa saa hizo unakuja Kigamboni na pantoni za kwenda mjini hazijai. Jumamosi na Jumapili ondoka ufukweni kabla ya saa kumi, au kula chakula cha jioni hukohuko na uvuke baada ya saa mbili usiku, foleni ikiwa imepungua. Njia ya kutoka ufukweni hadi barabara kuu mara nyingi haina taa, kwa hiyo mpigie dereva wa bajaji nusu saa kabla na umsubiri ndani ya geti. Pantoni ikisimama kwa hitilafu au msongamano, usikae kusubiri bila mwisho: daladala na bajaji zinazopitia darajani zipo stendi ileile, nauli yake huwa juu kidogo, na zitakushusha upande wa Kurasini, ambako magari ya kwenda Posta, Kariakoo na Mbagala hupatikana.